Dume wa Chilangala

Mama mkubwa hapigi simu hovyo, kwa hiyo nilipoona jina lake nilitoka nje ya darasa kuipokea.

"Mwanangu, kesho wanakuja kupuliza dawa," alisema. "Kama yule mdudu wako bado unamtaka, uje leo."

Mimi nafundisha baiolojia Masasi, na shamba lake la mikorosho liko Chilangala, huko juu Newala. Mdudu aliyemsema alikuwa buibui mkubwa, ukimlaza anajaza kiganja, mwenye rangi ileile ya gome la mkorosho. Hafumi utando. Mchana hujibanza chini ya gome, na akitaka kula hulikimbiza windo lake kwa miguu.

Likizo iliyotangulia nilikuwa nimemkamata jike mmoja pale shambani, nikamhifadhi kwenye spiriti na kumpelekea mtaalamu wa buibui, mama mmoja wa chuo kikuu. Alimchunguza kwa hadubini, akapekua vitabu vyake vyote, kisha akaniandikia kwamba hajapata kumwona. Inawezekana kabisa buibui huyu hana jina duniani. Lakini alitaka dume aliyekomaa. "Bila dume," aliandika, "mtu atatuambia huyu ni jike wa aina inayojulikana tayari, nasi hatutakuwa na la kujibu." Tangu hapo nilikuwa nimepanda Chilangala mara tano, nikarudi mikono mitupu.

Nilimwambia mkuu wa shule kwamba nina dharura ya kifamilia, jambo ambalo halikuwa uongo mtupu. Nilipofika shambani saa nane mchana, kabla hata sijasalimia, nilisikia mngurumo wa mashine.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Wamewahi. Walikuwa waje kesho, wakapata usafiri leo."

"Waambie wasubiri, tafadhali. Hata kesho asubuhi tu."

Alinishika mkono akanipeleka kwenye mkorosho wa karibu na kuvuta tawi chini. Machipukizi yalikuwa yamekauka ncha, meusi kama yamechomwa moto. Ilikuwa kazi ya mbu wa mikorosho, wale wanaofyonza utomvu wa machipukizi.

"Haya yote yakifa, mwaka huu nitakula nini? Buibui wako atanilisha?"

Niliona aibu. Mikorosho ile ndiyo iliyonisomesha hata mimi. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwomba radhi alipowageukia vijana wawili wa mashine. "Anzeni upande wa bondeni," aliwaambia. "Huku mtamalizia."

Nikapata kama saa mbili. Nilikwenda mti kwa mti, nikiinua magome yaliyolegea kwa mpini wa kisu na kumulika tochi kwenye nyufa. Nilikuta siafu, mijusi, na buibui wadogo wa aina nyingine. Mngurumo ulikuwa ukisogea. Upepo ukageuka, harufu ya dawa ikanifikia, macho yakaanza kuwasha.

"Mwalimu, toka huko!" mmoja wa wale vijana alipaza sauti kupitia kitambaa alichojifunga usoni. "Dawa inakuja kwako!"

Ilibaki mikorosho minne. Nilijifanya sikusikia.

Ndipo nikaona mama mkubwa naye anainua magome upande wa pili wa mti. Anawaogopa buibui tangu utotoni, na mama yangu alikuwa akimcheka kwa hilo. Alikuwa anainua kwa ncha za vidole huku ameegemea nyuma, kama mtu anayefunua chungu chenye mvuke.

"Huyu hapa!" alipiga kelele. "Huyu hapa, anapanda!"

Nilizunguka mbio. Niliona miguu tu ikipotea nyuma ya shina. Nilirudi upande wa pili, naye akarudi nilikotoka. Akachomoka tena, akipanda juu, na mama mkubwa akavua kanga ya mabegani akaibandika kwenye shina kwa viganja vyote viwili.

"Fanya haraka! Anatembea chini ya mkono wangu!"

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mikono hakuiondoa. Nilipenyeza kopo la plastiki nililokuja nalo chini ya kanga, tukaishusha kidogo kidogo mpaka tukamsikia anagonga plastiki. Nikafunga kifuniko. Tulitoka pale mbio, ukungu wa dawa ukiwa mti wa jirani.

Kwa lenzi ya mkononi niliona kwamba ni dume kweli: ncha za vipapasio vyake, ile miguu midogo ya mbele ya mdomo, zilikuwa zimevimba. Lakini zilikuwa laini, hazijafunguka. Hakuwa amekomaa. Alibakiza kujivua gamba mara moja tu, na kwa mtaalamu asingefaa kitu mpaka ajivue.

Nilimfuga Masasi, kopo likiwa juu ya kabati. Nilimlisha mende, akala. Kisha akaacha kula. Kila nikirudi kutoka shule nilikwenda kabatini kwanza, hata kabla ya kuvua viatu, nikitarajia kumkuta amekunja miguu, amekufa.

Jumamosi moja mchana nilimkuta ananing'inia kichwa chini, mgongo umepasuka. Nilivuta kiti. Miguu ilitoka mmoja mmoja, laini na myeupe, lakini mmoja wa mbele ulinasa kwenye gamba. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Nilijua nikimgusa nitamwua, basi nilikalia mikono yangu. Mwishowe ule mguu ulikatika, ukabaki ndani ya gamba. Akabaki na saba. Vipapasio, ambavyo ndivyo mtaalamu angevitumia kumtambua, vilitoka vizima.

Nilimwacha siku kadhaa akauke, kisha nikamweka kwenye jokofu la barafu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nilikuwa nimemhangaikia aishi ili nije nimwue kwa wakati wake. Siku ile sikupika.

Baada ya kumpokea, mtaalamu alinipigia mwenyewe. "Ni mpya," alisema. "Hana anayefanana naye." Tuliandika maelezo yake pamoja, mimi nilipima kila kiungo cha kila mguu na kueleza mahali alipopatikana. Kwenye sehemu ya aliyemkamata niliandika jina la mama mkubwa peke yake. Nilimpelekea makala yenyewe, nikamsomea kwa Kiswahili.

"Imeandikwa kwamba niliogopa?" aliuliza.

"Hapana."

"Ungeandika."

Kisha akaniuliza kama wengine wapo bado kule shambani. Tangu ile dawa nimeinua magome ya mikorosho yake misimu miwili bila kumwona hata mmoja. Nimempata jike mmoja tu, kwenye kijiji cha Makote, chini ya gome la mkorosho mzee usiopulizwa, amekumbatia kifuko cha mayai. Alinyanyua miguu ya mbele kunitisha. Nilirudisha gome taratibu, nikamwomba mwenye shamba anionyeshe miti yake mingine.