Kuku Niliowachinja Mwenyewe

Sikuolewa Mbeya ili niwapikie watu waliokuja kuniletea mke mwenza. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kama ilinibidi kuwapikia, basi nilitaka wale mpaka walambe vidole, halafu warudi kwao Iringa na binti yao. Hiyo ndiyo nia niliyoamka nayo siku ile. Sikuificha wakati huo na sijaijutia mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mtaa wetu wa Mwanjelwa ukiwa bado nyumba chache za udongo zenye mashamba ya mahindi katikati yake. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Babu zake walipanda huku bara na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaishia Iringa, wengine wakasogea Mbeya. Mimi ni Mhehe, mtoto wa nyumba ya Walutheri, nikasilimu kwa hiari yangu kabla ya kuolewa. Mama mkwe hakuuamini usilimu wangu hata siku moja. Nikiswali, aliangalia miguu yangu kama imekaa sawa. Nikifunga Ramadhani, alinusa kikombe changu. Aliniita mtu wa bara, na yeye mwenyewe alizaliwa Iringa. Bahari aliisikia kwa wazazi wake tu, kama mimi nilivyoisikia kwake.

Zamani, kabla mwanawe hajaniona, mama huyu alikuwa amekwisha ahidiana na kaka yake wa Iringa kwamba watoto wao wataoana. Kwao kuoa binti wa mjomba lilikuwa jambo la heshima. Mwanawe akanioa mimi. Basi mama akakaa na ahadi yake moyoni mpaka mwaka ule alipoona wakati umefika. Aliniambia habari yenyewe akichambua mchele, bila kuniangalia.

"Mjomba wa mumeo anakuja na binti yake. Tuna mazungumzo. Utapika mishikaki ya kuku, anaipenda sana."

"Mazungumzo gani, mama?"

"Mwanamume ana haki ya wanne," akasema. "Wewe ni mmoja."

Nikamwendea mume wangu kibandani kwake. Alikuwa ameinamia gurudumu. Nikamuuliza. Akasema mama amemwambia wanakuja kusalimia tu. Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akasema, "Tutaona." Mume wangu alikuwa mpole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali wa mama yake. Nikamwambia kama ni kuona, mimi naona tayari. Nikachukua spoku zangu nikaondoka, maana sisi mishikaki tuliichomea spoku za baiskeli zilizokwisha kazi, yeye akizinoa ncha kwa tupa.

Mama mkwe alitaka mchuzi wa nazi. Nazi hazikuwepo sokoni wiki ile, na zilizokuwepo wiki iliyotangulia zilikuwa zimeoza. Nikasema nitafanya mchuzi wa karanga kama alivyokuwa akifanya mama yangu.

"Karanga ni za kutafuna njiani," akasema.

"Basi watazitafuna wakiwa wamekaa."

Akachukua ungo wake, akatoka.

Siku ya wageni ilipofika, asubuhi na mapema tukaletewa habari ya msiba. Mzee mmoja wa Kiislamu alikuwa amefariki upande wa Iyunga. Wanaume wote wa Kiislamu wa mtaa wetu wakaenda kuzika, na mume wangu akaenda nao. Mimi na mama mkwe tukabaki kwa ajili ya wageni. Kuku wawili walikuwa wamefungwa miguu uani, wazima, na hakuna aliyekumbuka kuwachinja.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wajukuu zangu wananicheka nikiwaambia. Kwetu mwanamke hakuchinja. Kama hakuna mwanamume nyumbani, ulichukua kuku wako na kisu, ukasimama kando ya barabara, ukangoja Mwislamu wa kiume apite. Hata awe kijana ambaye ndevu hazijamwota, hata awe mlevi wa jana, mradi ni mwanamume. Ukimpata unamsihi, anachinja, anaendelea na safari yake. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi tangu niolewe na sikuwahi kuuliza.

Nikasimama. Baridi ya Mbeya mnaijua, na ile ilikuwa miezi yake. Kuku wananing'inia mkono huu, kisu mkono ule. Wanawake waliokwenda sokoni wakaniuliza ninauza bei gani. Jirani yetu mmoja, Mnyakyusa, Mkristo, akapita na jembe begani.

"Dada, nikusaidie?"

"Asante, kaka. Ila kwa mkono wako nitapelekwa mahakamani na mama mkwe."

Akacheka, akaenda zake. Baada yake hakupita mtu wa maana. Jua likapanda. Nyama ya mishikaki inataka kukaa kwenye viungo, si kitu cha kutupa motoni kama hindi, na basi la Iringa lilikuwa linaingia jioni. Nikaanza kuumwa mabega.

Mama mkwe akatokea mlangoni. "Usitoke hapo," akasema. "Ukikosa mtu, wageni watakula wali mkavu, na kaka yangu atajionea mwenyewe mwanangu ameoa mwanamke wa namna gani."

Ndipo nikaelewa. Nikipata mtu, nitawapikia wanaokuja kunipunguzia nyumba yangu. Nikikosa, nitakuwa nimewapa sababu. Hasira ilinipanda mpaka nikahisi joto katika baridi ile. Nikamkumbuka mwalimu aliyenisomesha dini Iringa, mzee mmoja mkali wa fimbo. Alitusomesha sisi wanawake tuliosilimu habari za kuchinja: mchinjaji awe Mwislamu, awe na akili zake, ataje jina la Mungu, kisu kiwe kikali. Mwenzetu mmoja akamuuliza, na mwanamke? Akasema mwanamke naye ana mkono, na mkono wenye kisu unachinja. Tulicheka, tukaondoka, na kila mmoja wetu akarudi kusimama barabarani.

Nikasema liwalo na liwe. Nikarudi uani. Nikawanywesha kuku maji, nikanoa kisu kwenye jiwe, nikaelekea kibla. Nikakanyaga mbawa taratibu, nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikakata. Wa kwanza, kisha wa pili. 

Nilipoinuka mama mkwe alikuwa ameshika kichwa.

"Umetulisha nyamafu."

"Hujala bado, mama."

"Leo kaka yangu atalisikia hili. Na mwanangu atachagua."

"Vizuri," nikasema. "Asikie, na mwanao achague. Nimechoka kungoja."

Nikanyonyoa. Nikakata nyama vipande vidogo, nikavichanganya na vitunguu saumu, tangawizi, bizari, chumvi na ukwaju uliotoka Chunya. Karanga nikazikaanga mpaka zikanukia, nikazipukuchua maganda, nikapepeta kwa ungo, nikazitia kwenye kinu. Nilitwanga kwa hasira, na karanga zinapenda hasira, zilitoa mafuta upesi. Nikakaanga kitunguu na pilipili, nikamimina karanga na maji ya moto kidogo kidogo, nikakoroga mpaka mchuzi ukawa mzito wa kushika nyama, nikakamulia ndimu. Nikapika mchele wa Usangu. Nikachoma ndizi, nikakata kachumbari. Sikuacha hata kimoja. Kama ni kuachwa, niachwe sufuria zikiwa zimejaa.

Basi liliingia jua likishuka. Mjomba alikuwa mtu mnene, mfanyabiashara wa vitambaa, mwenye kofia safi hata baada ya vumbi lote lile. Binti yake alikuwa rika langu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alinawa uso, akaja jikoni, akasema, "Dada, nikupepelee moto?" Nikampa kipepeo. Akapepea na mimi nikageuza mishikaki, mafuta yakidondokea makaa. Wote wawili tulijua kilichomleta, na hakuna aliyekitaja. Mwishowe akasema pole pole, "Mimi sikuulizwa."

"Wala mimi," nikamjibu.

Baada ya swala ya magharibi, wanaume wakakaa mkekani, mjomba na mume wangu aliyekuwa amerudi mazikoni. Nikatenga sinia ya wali, mishikaki juu yake, bakuli la karanga katikati, ndizi na kachumbari pembeni. Mjomba akanawa. Mume wangu akanyoosha mkono. Mama mkwe akasema kutoka mlangoni:

"Kaka, usile. Kuku hawa amewachinja yeye."

Mkono wa mume wangu ukasimama juu ya sinia. Niliutazama mkono ule kuliko nilivyotazama sura ya mtu yeyote mle ndani.

Mjomba akanigeukia. "Ni wewe umechinja?"

"Ni mimi, mjomba."

"Kwa nini?"

"Wanaume walikwenda kuzika. Nikasimama barabarani mpaka nikachoka."

"Ulisema nini wakati wa kuchinja?"

Nikamwambia.

"Ulielekea wapi?"

"Kibla."

Akataka kuuliza tena, lakini mimi nilikuwa nimemaliza kuulizwa. Nikamgeukia mume wangu. Nikamwita baba, kama nilivyomwita siku zote, ila sauti haikuwa ya siku zote.

"Baba, leo usiseme tutaona. Kama nyama hii ni nyamafu, basi usilimu wangu ni uongo na umelala na mwongo tangu siku ulipooa. Niache hapa hapa mbele yao, kesho nipande basi nirudi kwa mama yangu. Na kama ni halali, kula."

Mama mkwe akasema, "Mwanangu." Neno hilo moja tu. Alikuwa akilisema neno hilo nyumbani kwetu na kila kitu kikawa kama atakavyo.

Mume wangu akachukua mshikaki. Akauchovya kwenye karanga, akavuta nyama kwa meno, akatafuna muda mrefu. Nilidhani hatameza. Akameza.

"Halali," akasema. Kisha, bila kumwangalia mama yake, "Na mke wangu ni huyu."

Ndiyo maneno makubwa niliyowahi kumsikia akisema, na sikumpa pongezi. Alichelewa.

Mjomba akavuta sinia karibu. "Dada yangu," akasema, "dini haikumkataza mwanamke kuchinja. Tumemkataza sisi." Akala. Alikula kama mtu aliyetoka Iringa kwa miguu, akaomba karanga zaidi, akafuta bakuli kwa kipande cha ndizi. Alipokwisha kunawa akasema yeye na binti yake wataondoka kesho, wamekuja kusalimia tu.

"Na ahadi yetu?" mama mkwe akauliza.

"Ahadi tuliwekeana mimi na wewe," akasema. "Siwezi kumleta mwanangu awe mwenza wa mwanamke asiyengoja mtu amchinjie."

Nyuma ya pazia nikasikia binti akicheka, akijiziba mdomo kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilikaa chini jikoni, nikalia, kisha nikala mishikaki iliyobaki kwa sababu nilikuwa na njaa tangu asubuhi.

Mama mkwe alilala bila kula. Aliishi nasi mpaka alipofariki, na kuku wa mkono wangu hakumgusa hata siku moja. Siku za kuku nilimpikia maharage. Shangazi za mume wangu walikuja kwa zamu kunishauri: jishushe, yule ni mama, peleka kuku wako barabarani angalau mara moja ili roho yake itulie. Nikawaambia hapana. Alipougua, mimi ndiye niliyemwogesha, mimi niliyemlisha uji kwa kijiko na kumgeuza kitandani, na ningefanya tena. Chochote alichoniomba nilimpa. Lakini kusimama kando ya njia na kuku mkononi, nikingoja mwanamume apite ndipo nihesabiwe kuwa Mwislamu, hilo hakulipata kwangu, akafa bila kulipata.