Kiden na Plagi ya Baba

Enzi zetu pikipiki haikuwaka kwa kubonyeza kitufe. Ilibembelezwa. Ninyi mliokulia Hai Mauna, hapa Juba, baada ya kurudi kutoka ukimbizini Uganda mnakumbuka: asubuhi mtaa mzima ulinuka petroli iliyochanganywa na oili, chai ya maziwa ikichemka, na baba zetu wakipiga kiki huku wakitukana kwa Kiarabu cha Juba, wakidhani sisi watoto hatusikii.

Ya baba yangu ilikuwa nyekundu, kuukuu, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa plagi, ile ya kutoa cheche, kuchafuka. Ikikataa kuwaka hakuniita mimi, Keji, mtoto wake wa kumzaa. Alimwita Kiden, binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa akiishi nasi.

"Kiden! Yala, kuja haraka! Hii kitu iko namna gani leo?"

Kiden aliacha kuruka kamba, akashika spana, akaitoa plagi na kuigeuzageuza juani. "Imelowa oili, mjomba."

Baba alicheka kama mtu aliyepewa ng'ombe. Wakaiosha kwa petroli, wakaikwangua kwa brashi ya waya, vichwa vyao vikigusana. Mimi nilishika kitambaa. Kwa wivu nilikikunja mpaka kikawa fundo.

Mama aliona. "Keji, mwenzako hana baba," aliniambia. Nilimjibu moyoni: anaye, amechukua wangu.

Kila Jumamosi Baba alikwenda Rejaf, kando ya Nile, kununua samaki, na nyuma yake palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Siku zote alikuwa Kiden, eti pikipiki ikizima njiani atasaidia. Jumamosi moja malaria ilimlaza. Nilivaa gauni la kanisani, nikapanda, nikamshika Baba kiunoni kwa mikono yote miwili. Sikumwonea Kiden huruma hata kidogo.

Tukiwa tunarudi, pikipiki ilikohoa ikazima. Baba akaitoa plagi, akaipangusa bila kuitazama, akairudisha. Tukasogea kidogo, ikazima tena.

"Oili imezidi tena," alinung'unika.

"Baba, nipe nione."

Alinipa, nadhani kwa uchovu tu. Lakini muda wote ule wa kushika kitambaa, masikio yangu yalikuwa wazi: oili ikizidi plagi inalowa, hewa ikikosekana inashika masizi.

"Hii haijalowa, Baba. Ni masizi makavu, kama ya chini ya sufuria. Inakosa hewa."

Akafungua filta ya hewa. Vumbi lote la barabara ya Rejaf lilikuwa mle ndani. Akaikung'uta gotini, akaipuliza, akaikwangua plagi, akapiga kiki. Ikanguruma!

Njia nzima nilisubiri ataje jina langu. "Shika samaki vizuri," ndilo neno pekee alilosema.

Nyumbani hakuketi hata kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa Kiden. "Leo ungeona! Masizi makavu, filta imejaa vumbi!"

Kiden alifumbua macho yaliyolegea kwa homa. "Nani aligundua, mjomba?"

"Aa, tuligundua tu."

Nililia jikoni. Mama aliponiuliza, nikasema ni moshi.

Vijana wa leo, plagi ikichafuka, hawana habari hata na rangi yake. Wanaitupa, wanakimbilia duka la Msomali kununua mpya, filta wanaiacha na vumbi lake, na kesho wako dukani tena. Wiki iliyopita pikipiki ya mwanangu Wani iligoma hapa langoni.

"Itoe uitazame," nilimwambia.

"Mama, hiyo ni mambo ya zamani," alijibu, kidole kikiteleza kwenye simu.

Baba, ambaye sasa ni mzee na ninamtunza mimi, alikuwa amezisikia kiki za Wani akiwa ameketi mlangoni. "Mwite Kiden," akasema.

"Kiden yuko Kampala, Baba. Miaka mingi sasa."

"Mwite."

Nikachukua spana mwenyewe, nikaitoa plagi, nikamwekea kiganjani. Macho yake hayaoni vizuri tena. Aliisugua kwa kidole gumba, akainusa, akacheka kile kicheko chake.

"Oili," akasema. "Asante, Kiden."

Sikumsahihisha. Enzi zile ningekimbia kulia. Siku hizi watoto wetu hawana hata plagi ya kugombea, na baba zetu wanatutoka kidogo kidogo, basi nilibaki pale nikakisikiliza kicheko kile mpaka mwisho. Na bado nikamwonea Kiden wivu.