Utani wa Tozo

Mwaka ule tozo za simu zilipoanza, mimi nilikuwa mlalamikaji namba moja pale Ruhuwiko. Ukiweka vocha wanakata, ukituma pesa wanakata, anayekwenda kuitoa naye anakatwa. Mteja alikuja kwangu kupimwa gauni, akaondoka na hotuba nzima. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

Jumapili moja nikampigia mama, kama kawaida yangu. Tangu baba afariki anaishi peke yake kule Lusewa. Tulipomaliza kujuliana hali na kuulizana habari za mahindi, nikaanza nyimbo zangu. "Yaani mama, hata wewe ukipokea tu, mimi nakatwa. Simu yako ikiwa hewani tu, wananikata!" Nilikuwa natania. Yeye hakucheka. Akasema, "Basi tufupishe, mwanangu," akakata simu. Nikaona ni mambo ya wazee, nikarudi kwenye cherehani.

Jumapili iliyofuata hakupatikana. Nikafikiri ni chaji, maana simu yake huipeleka dukani kuchajiwa. Jumatatu hakupatikana. Jumanne nilipiga tangu asubuhi, na yule dada wa mtandao akanijibu kila mara kwa upole uleule kwamba namba haipatikani. Jirani pekee niliyekuwa na namba yake alikuwa amehamia shambani kwenye tumbaku, kusiko na mtandao.

Hapo hofu ikanishika. Mama ana presha. Akilini nilimwona ameanguka kati ya jiko na mlango, kuku wanampita wakiingia ndani. Nilishona mkono wa gauni ndani nje, nikafumua, nikashona vilevile tena. Mume wangu akasema mtandao wa kule unasumbua siku zote. Nilimjibu vibaya, kwa sababu nilitamani sana awe anasema kweli.

Jumatano nikapanda gari la asubuhi. Njia nzima niliiogopa simu yangu mwenyewe. Ikiita, nilijiambia, ni mtu wa kuniambia niwahi mazishi. Nilikuwa nimeishika mkononi na sikuthubutu kuitazama.

Bodaboda aliponifikisha, nikaona uwanja wa nyumba haujafagiliwa. Mama hufagia kabla jua halijatoka, hata siku ya mvua. Nikamwomba kijana wa watu asiondoke, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, tayari nalia.

"Karibu," sauti ikatoka ndani, ndogo kabisa.

Alikuwa amelala mkekani, amejifunika kanga mbili na blanketi, midomo imemkauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakwambia naumwa?"

Ilikuwa siku ya tano ya homa. Alikuwa akiishi kwa maji ya mtungini na uji aliojipikia siku ya kwanza. Nikamnywesha maji, nikamwuliza simu iko wapi. Akanionyesha sanduku la nguo. Niliikuta chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa, na betri yake imefungwa kwenye kitambaa kingine.

"Si ulisema ikiwa hewani tu wanakukata?" akasema. "Nikaona kuizima peke yake haitoshi, hawa watu wana mitambo. Juzi nilizidiwa, nikaitoa nikupigie. Nikafikiria unavyohangaika na hiyo cherehani yako. Nikairudisha."

Nilianza kumvalisha tumpeleke zahanati na yule kijana wa bodaboda. Ningeweza kunyamaza, wala asingejua. Lakini niliogopa kwamba akipona ataitoa tena ile betri.

"Mama," nikasema, "ule ulikuwa utani. Kupokea simu ni bure."

Akanitazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Utani?" akasema. "Mwenzio nilishajua nakufa, nikapiga shahada."