Breki za Safari ya Mama Mkwe

Kuna mlio ninaoukumbuka kuliko nyimbo nyingi nilizowahi kuzipenda. Ulianza asubuhi moja kwenye njia ya kutoka Asumbi kwenda Rangwe, ukungu umelala juu ya mashamba na ng'ombe wakitokeza kichwa kwanza, kisha mwili. Kila nilipogusa breki, gurudumu la mbele lililia kwa sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayeota. Kwenye kiti cha nyuma mama mkwe wangu alikaa wima, kibeti chake mapajani.

Nilikuwa nampeleka Homa Bay akafanyiwe upasuaji wa jicho. La kulia lilikufa zamani. La kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na daktari mgeni aliyekuja kwa juma moja tu alikuwa amempangia saa nne. Mara mbili kabla ya hapo mama mkwe alikuwa amekataa kwenda, na nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Safari hii alikubali kwa sharti moja: apelekwe na mkwe wake, maana madereva wengine, alisema, huendesha kama watu waliochokoza nyuki. Kwa hiyo jicho lake la mwisho lilikuwa mikononi mwangu, na miguuni pia.

Mimi ni Mkuria wa Migori, mke wangu ni Mjaluo, na katika jambo hili watu wa pande zote mbili wanaelewana: mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hatupeani mkono. Hatuli meza moja. Simtazami usoni. Kwa miaka ishirini tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua, tukaishia hapo. Lakini ndani ya gari umbali hautoshi. Yeye alichagua kona ya nyuma kushoto, mbali kabisa na mimi, na mimi nikapindua kioo cha ndani kielekee dari, macho yetu yasije yakakutana. Nikabaki na vioo vya nje. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Pedi za breki nilizibadilisha mwenyewe, siku mbili kabla, nyumbani Migori. Nina kiburi na gari langu. Fundi mmoja wa barabarani aliwahi kunidanganya, na tangu hapo sitaki mtu aliguse. Zile kuukuu zilikuwa zimekwisha hadi zikabaki nyembamba kama biskuti. Nilirudisha pistoni ndani polepole kwa jiliwa, kile chuma cha kubania, nikapaka pini grisi kidogo, nikafunga pedi mpya, kisha nikakanyaga pedeli mara nyingi mpaka ikapanda na kuwa ngumu. Nilizunguka mtaani, gari kimya. Asubuhi ya safari nilitoka Migori hadi Asumbi, nyumbani kwa mama mkwe, na sikusikia chochote. Nilijisifu njia nzima.

Ndiyo maana mlio ule ulinichanganya. Niliukisia kwa mguu. Pedeli ilikuwa ngumu, haizami, kwa hiyo hakukuwa na hewa ndani ya mafuta ya breki. Lakini gari lilichelewa kushika, na nilipokanyaga kwa nguvu usukani ulivuta kulia. Nilisikia sauti kupitia dirisha langu, nikaamua kwamba shida iko upande wangu. Tulipofika karibu na soko la Rangwe nikaegesha, nikainua gari kwa jeki, nikafungua gurudumu la kulia. Nililikagua jasho likinitoka. Hakukuwa na kasoro yoyote. Nikalifunga, nikaenda hatua chache, mlio ukarudi uleule, na saa ilikuwa imekwisha kufika mbili na nusu.

Ndipo simu yangu ikaita. Alikuwa mke wangu, kutoka dukani kwake Migori. Niliegesha tena, nikaweka spika.

"Mama amenipigia," alisema. "Anasema unafungua wheel ya bure. Inalia mbele, upande wake. Ukikanyaga kidogo inalia, ukikanyaga sana inanyamaza."

"Amekupigia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Bado ako kwa laini ile ingine."

Niligeuka nusu. Mama mkwe alikuwa ameshika kisimu chake sikioni, uso ameelekeza dirishani, akinong'ona kwa Kijaluo. Maneno yake yalitoka kiti cha nyuma, yakaenda Migori, yakarudi kwenye dashibodi yangu kwa Kiswahili. Sijui kama nilitaka kucheka au kulia.

"Anasema pia inanuka," mke wangu akaendelea. "Ile dawa umepaka tairi. Alisikia hiyo harufu akipanda gari, na sasa imechomeka."

Hapo nikajua. Barabara ya vumbi karibu na Asumbi ilikuwa imechafua magurudumu, na mkwe haingii boma la wakweze na gari lenye matope. Kabla ya kufika langoni nilisimama nikayaosha kwa maji ya chupa, kisha nikayapulizia dawa ya kung'arisha. Upande wa kushoto nilipulizia mara mbili, maana ndiko angepandia. Dawa ilikuwa imepenya katikati ya rimu ikatua kwenye diski, na diski ikaipaka pedi mpya. Nilikuwa nimeharibu breki ili magurudumu yametamete mbele ya mwanamke asiyeona.

"Mwambie Mama ashuke akae kwa hoteli, nitengeneze," nilisema.

Minong'ono ikaenda, ikarudi. "Anasema hashuki. Akishuka hatapanda tena."

Nilimwamini. Nilimeza hasira yangu, hasira ya kujichukia mwenyewe, nikanunua karatasi ya msasa na kipande cha sabuni, nikaomba maji ya moto kwa mama wa chai. Niliinua gari naye akiwa ndani, polepole, nimeweka mawe nyuma ya magurudumu. Nikafungua gurudumu la kushoto; diski ilikuwa na utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua. Niliisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka ikawa kavu na nyeupe, kisha nikapiga msasa uso wa pedi mpaka ule weusi unaong'aa ukatoka. Bahati yetu dawa haikuwa imezama ndani. Ingezama, pedi zingekuwa za kutupa. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na kwa muda nilihisi kama hakuna mtu mwingine duniani ila mimi, lile gurudumu, na pumzi za mwanamke mzee juu ya kichwa changu.

Baada ya hapo pedi ilibidi izoeane na diski upya. Nje ya Rangwe nilipata kipande cha barabara kilichonyooka, kitupu. Nikaongeza mwendo, nikakanyaga breki taratibu bila kusimama, nikaachia. Nikarudia. Mara ya kwanza ililia. Mara ya pili ililia. Nilimsikia akiyumba nyuma, na kila nilipokanyaga niliomba kimoyomoyo. Mara ya tano nilitazama simu yangu nikingoja iite.

Haikuita.

"Orwa," ilisema sauti ya nyuma, kwa jina ambalo Wajaluo humwita mkwe wao. "Bado kidogo. Upande huu."

"Ndiyo, Mama."

"Rudia."

Nikarudia. Akasikiliza. "Inapungua. Rudia tena." Tukaenda hivyo, mimi mguu, yeye sikio, vilima vikitupita taratibu katika mwanga mweupe kama maziwa, mpaka akasema, "Imenyamaza. Sasa twende, tumechelewa." Kwenye mteremko wa kuingia mjini, ziwa likiwa limetandazwa chini yetu, nilikanyaga breki na gari likatii pasipo kuvuta kokote. Saa nne kasorobo tulikuwa mlangoni kwa daktari.

Kesho yake nilirudi kumchukua. Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, muuguzi akimvua bandeji. Nilisimama mbali kidogo, macho chini, nikiona kanga yake tu na viatu vyake vya plastiki. Alipepesa jicho kwa muda mrefu. Alitazama ukuta, akatazama mikono yake, kisha viatu vyangu, kisha akapandisha macho.

"Orwa," alisema. "Kumbe una mvi hivi. Mimi miaka hii yote nimekuwa nikimbeba kijana kichwani."

Heshima ilinitaka nigeuke, na yeye ilimtaka ageuke. Niliinua uso wangu, nikamwacha aniangalie mpaka atosheke.