Fomu Iliyodai Mtoto wa Kiume

Zuleha Bushiri akiona kitu kimeharibika hufurahi. Simsengenyi. Nimekaa naye duka moja hapa Tarime mjini kwa miaka minne, yeye upande wa kompyuta, mimi Deus upande wa kutengeneza simu, na nimemwona kwa macho yangu. Mimi simu ikigoma kuwaka naisonya. Yeye anavuta kiti karibu. Baba yake, mzee Bushiri, fundi cherehani ambaye ukoo wake ulitoka Pangani, anasema hata utotoni Zuleha alikuwa akifumua mikono ya kanzu za wateja ili ajue kwa nini inabana begani. Alichapwa kwa hilo na hakukoma. Baadaye akaenda Musoma kusomea kompyuta, akarudi na cheti na tabia ileile.

Mwaka wa rashi, kama wachimbaji wanavyouita mkurupuko wa dhahabu, alipata kazi iliyomfaa. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye mashamba ya kijiji kimoja cha Kemambo, watu wakamiminika na sululu kutoka kila upande, na chama cha wachimbaji wadogo wa pale kikaona kwamba bila utaratibu watu watauana. Wakamtafuta kijana fulani awatengenezee ukurasa wa mtandaoni. Mwenye shamba anajaza fomu, anaandikisha duara lake, yaani shimo lake la kuchimba, pamoja na mrithi wake. Kijana akamaliza kazi, akaenda zake, akabadilisha na namba ya simu. Ukurasa akaachiwa Zuleha autunze. Sharti la chama lilikuwa moja: duara ambalo halijaandikishwa hadi Ijumaa saa kumi alasiri, linagawiwa mtu mwingine.

Ijumaa yenyewe, asubuhi, bibi Robi aliingia dukani kutoka Kemambo pamoja na Verdiana, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyebeba mtoto mgongoni. Wiki nzima walikuwa wamejaribu kujaza kwa simu, na kila mara fomu ikawarudishia maandishi mekundu: "Kuna kosa. Jaza upya." Kosa gani, haisemi. Mtu mzima anaambiwa amekosea na haambiwi alichokosea. Mimi ningekuwa nimeitupa hiyo simu mto Mara.

Zuleha aliwapa shikamoo na viti, akaomba waanze mwanzo. Bibi Robi akaeleza. Mumewe alifariki zamani. Alimzalia mabinti watatu, wote wameolewa, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Kwa Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ikafa. Alichukua ng'ombe wa mahari za mabinti zake, akamwoa Verdiana kwa ile desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke anaoa mwanamke ili nyumba ipate watoto. Verdiana ni mkwe wa nyumba yake, na watoto wake wanne ni wa nyumba hiyo. Duara liko kwenye shamba lao. Anataka Verdiana aandikwe mrithi, basi. Asipoandikwa, alisema, akifa tu watoto hawa watafukuzwa na Heche, mtoto wa shemeji yake, ambaye tangu dhahabu ionekane amekuwa akiwasalimia kila siku.

Katika maelezo hayo Zuleha hakuona kosa lolote. Amezaliwa Tarime, nyumba za hivyo amecheza uani kwao. Kwa hiyo akaenda kutafuta kosa kwingine. Kwanza alishuku namba ya simu, maana Verdiana kwao ni Sirari mpakani na laini yake ni ya Kenya, aliyoiandika kwa kuanza na +254, na fomu inataka tarakimu kumi zinazoanza na sifuri. Akairekebisha ipokee namba za pande zote mbili. Maandishi mekundu yakarudi. Akashuku nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina. Akaifuta. Mekundu tena. Nikamwangalia usoni, alikuwa anatabasamu.

Ndipo akafungua nakala ya fomu pembeni, mahali ambapo ukiharibu huumizi mtu, akafungua na daftari. Alijaza mtu wa kubuni, mwanamume, mrithi wake mtoto wake. Ikapita. Kisha akawa anabadilisha kitu kimoja tu kila mara na kuandika kilichotokea. Mwanamume akawa mwanamke: ikapita. Mtoto akawa ndugu: ikapita. Bibi Robi alisogeza kiti hadi kwenye kompyuta, akawa anafuatilia kama anaangalia mtu anayechagua mchele. Ndugu akawa mkwe: nyekundu.

"Hapo," alisema bibi Robi kabla Zuleha hajasema.

Zuleha akaingia kwenye msimbo, yale maandishi ya nyuma yanayoiambia fomu ikubali nini na ikatae nini. Yule kijana alikuwa ameyaandika bila hata mstari mmoja wa maelezo, yamesukwa ovyo, na kuyapitia kulikuwa kazi ya saa nzima. Katikati ya saa hiyo Heche mwenyewe akafika, amevaa buti za machimboni, mpole kupita kiasi. Alikuwa amesikia kuwa mama yake mkubwa anasumbuliwa na fomu. Akakaa kwenye benchi langu, akatazama kioo cha kompyuta, akaonyesha kwa kidole sehemu moja ambayo bibi Robi aliiacha wazi kila mara kwa sababu haikumhusu: jina la mtoto wa kiume wa mwenye shamba.

"Niandikeni mimi hapo," alisema. "Ni jina tu. Fomu itapita, sote tukale."

Nitasema kweli, maana njia ya mwongo ni fupi: mimi nilimuunga mkono. Saa tano ilikuwa imepita, na kwenye makaratasi nani hajawahi kuandika jina la mjomba ili mambo yaende? Nikamwambia Zuleha aandike, ajaribu. Akaandika. Ikapita, kijani kibichi. Lakini ilikuwa kwenye ile nakala ya pembeni, na akaifuta palepale.

"Sasa najua inachotaka," alisema. "Inataka mwanamume. Nataka kujua kwa nini."

Bibi Robi hakumwangalia Heche alipozungumza. "Jina lake likikaa humo, kesho atasema duara ni lake, na karatasi itamwambia ni kweli."

Heche akasema wanawake hawana shukrani, akatoka. Zuleha wala hakuinua kichwa. Baadaye kidogo akaukuta ule mstari. Ulikuwa mfupi wa kuudhi: mrithi akiwa mkwe, lazima jina la mtoto wa kiume lijazwe. Hata hivyo hakuugusa, kwa sababu fomu ni ya chama, si yake. Alimpigia katibu wa chama, mzee Wangwe, simu ikiwa kwenye spika, akamweleza. Kisha mzee Wangwe akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye mwenyewe amezaliwa nyumba ntobhu. Na zaidi ya hapo, fomu ile aliijaribu kwa mkono wake kabla haijafunguliwa; ilipomkatalia, akaweka jina la mjomba wake, ikapita, akaisaini kwamba ni nzima.

"Ondoa," alisema. "Ondoa sasa hivi, mwanangu."

Saa saba kasoro, bibi Robi alijaza upya, sehemu ile akaiacha wazi kama ulivyo ukweli wa nyumba yake, na kompyuta ikajibu kuwa maombi yamepokelewa, mrithi Verdiana. Akaomba isomwe tena. Ikasomwa. Verdiana alimshusha mtoto mgongoni, akaketi sakafuni, akalia. Nilifurahi kweli, nikawaagizia soda.

Mtu mwingine angefunga kazi hapo. Zuleha alikuwa bado amekikodolea macho kioo. Alitaka kujua kitu kingine: kama mstari ule ulikuwepo tangu mwanzo, waliopita wakiwa na wakwe walipitaje? Akawatafuta wote kwenye orodha, walikuwa kumi na wawili, akamwomba bibi Robi asikilize majina ya mama na ya mtoto wake wa kiume. Bibi Robi anaijua Kemambo nyumba kwa nyumba. Wanne wa kwanza aliwakubali. Kwa wa tano akasema huyo kijana ni fundi baiskeli, hana undugu nao. Kwa wa sita akacheka bila furaha. Wa saba alikuwa Agustina, mtoto wake Ryoba.

"Agustina hana mtoto wa kiume," alisema bibi Robi. "Ryoba ni wa jirani."

Agustina alikuja kwangu Jumatatu na simu yenye kioo kilichopasuka, fomu ikiwa imegoma. Nilikuwa na wateja. Nilimwambia ataje jina la mwanamume yeyote anayemjua, akataja, nikaandika mimi, kwa vidole hivi, ikapita, nikajisifu mbele ya watu.

Zuleha hakunilaumu. Alisema bado kuna saa mbili na nusu za kurekebisha, akaanza kuwapigia simu wengine. Simu ya Agustina haikupatikana, maana ilikuwa kwenye droo yangu ikisubiri kioo. Niliitia mfukoni, nikakodi bodaboda.

Nilimkuta anaanua muhogo uani. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu, na kwamba tukijaza sasa hivi tutawahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza mkono shambani kwake, ambako vijana watatu walikuwa wakivuta ndoo ya udongo kwa kamba.

"Ryoba yuko chini huko tangu jana," alisema. "Alikuja na karatasi ya chama, akasema ina jina lake. Mimi kusoma sijui, nikamuuliza nani kaandika. Akasema ni wewe, nikamruhusu."