Ugali wa Kukatwa kwa Uzi

Wiki iliyopita, ndugu yangu, nilishuka treni Munisagara nikiwa na cheti cha chuo kikuu mkobani, na badala ya kufurahi nikaanza kuhesabu miaka ambayo sikutimiza ahadi niliyompa bibi mzungu, jirani yetu wa zamani. Nilifika kumi na nne, nikaacha.

Mwendo mfupi kutoka relini palikuwa na nyumba tano za udongo zilizopakwa chokaa. Watu waliwaita wenye nyumba hizo Wagiriki, kwa kuwa ndio wazungu wa mkonge waliozoeleka. Kumbe walikuwa Waromania. Walikuja baada ya vita kuu, bila nyapara wala gari, wakalima mahindi ya njano na alizeti kwa mikono yao. Walichimba kisima, wakakiwekea mti mrefu wa kuinulia ndoo, na mlio wake ulitufikia asubuhi kabla ya kengele ya shule. Mpaka leo nikisikia mlango unaolia, nahisi kiu.

Nilipopata akili, nyumba nne zilikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wameondoka mmoja mmoja tangu Uhuru. Alibaki bibi mzungu, mjane, aliyesaidiana palizi na bibi yangu, leo shamba hili, kesho lile. Alisonga ugali kama sisi, ila aliumwaga juu ya kibao, akaungoja utulie, kisha akaukata kwa uzi.

"Shoga, huo ni ugali au mche wa sabuni?" bibi yangu alimuuliza kila mara.

"Sabuni ya tumbo," alijibu, kwa Kiswahili chake cha kuburuta.

Mumewe alizikwa nyuma ya kisima. Kila mwaka mahindi mapya yakikauka, alitukusanya watoto kaburini, akampa kila mmoja kipande cha ugali na maziwa mgando. Kabla ya kula tulitaja jina la marehemu. Kwao, alisema, aliyekufa hushiba watoto wakishiba.

Shamba lilipofanywa la kijiji, wanawe walimwita ng'ambo. Siku ya kuondoka alinitia mkononi donge dogo la uzi.

"Wewe utawalisha watoto kaburini," alisema.

Nilikuwa na miaka minane. Nikasema ndiyo.

Mwaka uliofuata tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, halafu ikaja shule ya bweni, halafu chuo. Uzi ulipotea kwanza. Baadaye likapotea jina, na hilo ndilo lililonitesa. Nilikaa kwenye mihadhara nikijaribu silabi moja moja, nikimwona mzee wa watu ameketi huko aliko na njaa, kwa sababu yangu.

Nilimkuta bibi yangu jikoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikaungama kila kitu kabla ya kunywa maji. Aliniacha nimalize.

"Mjukuu wangu, unadhani shoga yangu angemwachia kazi hiyo mtoto wa miaka minane peke yake?"

Kumbe bibi alikuwa akienda kaburini kila mavuno, na watoto wa kijijini nyuma yake.

"Na jina, bibi?"

"Lilinishinda tangu zamani. Tunasema Mchimba Kisima. Mwenyewe anajijua."

Kesho yake tulikwenda kaburini na ugali na maziwa mgando. Nyumba zimerudi kuwa udongo, na ule mti mrefu umeliwa na mchwa. Watoto waliketi kuzunguka kaburi bila kuambiwa. Bibi alinipa uzi nikate, nikakata kombo.

"Dada hajui kukata ugali," binti mmoja akawaambia wenzake, nao wakacheka.

Nilimuuliza kwa nini hawatumii mwiko au kisu.

"Ugali wa hapa hukatwa hivi," akajibu, akinishangaa. "Kwenu mnakataje?"

Nilitaka kumweleza kuhusu nyumba tano, chokaa, alizeti, na mwanamke aliyeitikia shikamoo zetu kwa sauti ya kuburuta. Mimi na bibi tukiondoka duniani, hakuna atakayemkumbuka. Nilifungua mdomo, lakini watoto walikuwa wamekwisha kusema, "Mchimba Kisima," na mikono yao ilikuwa kwenye maziwa. Nikachukua kipande changu kilichopinda. Kilikuwa bado cha moto.