Filimbi Ambayo Sikuisikia

Mwezi uliopita nilikwenda Luberizi kwenye matanga, na karibu na shule nikasikia kengele. Si kengele hasa, rafiki yangu. Ni kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye mti, mtoto anakigonga kwa chuma. Nilimshika binti yangu mkono nikamwomba tusimame kidogo. Alidhani jua limenizidi.

Wewe hukuiona treni yetu. Ilitoka Uvira asubuhi, ikapita Kavimvira, ikaingia tambarare polepole kiasi kwamba watoto wachungaji waliifukuza huku wakiizomea. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, bibi yangu alinipandisha humo na kikapu cha ndagala wakavu, nasi tukanuka samaki na moshi mpaka jioni. Tulishuka Luberizi tukashika kijia cha kwenda milima ya Lemera. Huko ndiko alikoolewa mdogo wake, niliyemwita bibi mdogo. Yeye aliteremka na maharagi, sisi tukapanda na samaki, tukakutana katikati penye kijito, maana siku ilikuwa moja tu na treni ya kurudi haikumngoja mtu.

Lo, jinsi walivyocheka wale wawili! Tulikula viazi vya moto kutoka kwenye majani ya mgomba, na bibi akafuta machozi ya kicheko kwa pindo la kikwembe. Lakini mambo mazito hawakuyagusa wakati wa chakula. Hayo yaliwekewa njia: bibi mdogo alitusindikiza mpaka reli zionekane, na humo njiani ndimo walimofunguliana moyo. Mwaka mmoja bibi mdogo alisema mapema, akiwa bado anamenya kiazi, kwamba iko neno atamwambia dada yake wakati wa kusindikizana.

Nami nilikuwa na haraka zangu. Pale kituoni kulikuwa na mama aliyeuza miwa, na mwaka uliotangulia tulikuta imekwisha. Masikio ya bibi yalikuwa yameanza kuwa mazito, kwa hiyo kwa habari ya treni alinitegemea mimi. Hatujafika hata mbali na kijito, nikasema nimesikia filimbi.

Bibi mdogo alisimama. "Miye sijasikia kitu."

"Mutoto hana sababu ya kunidanganya," bibi akasema. Akajitwisha maharagi, akamkumbatia mdogo wake upesi upesi. "Lile neno utaniambia mwaka ujao."

Tulikimbia. Kituoni hapakuwa na treni, wala moshi wake. Nilitafuna muwa wangu wote, nikatafuna na wa pili, na treni haijaja. Bibi alikaa juu ya mzigo akiangalia milima, hakunigombeza.

Mwaka uliofuata treni ilisimamishwa, reli zikang'olewa. Kisha uhuru ukaja, tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba, na bibi akasema sasa tutapata lori la kutufikisha Luberizi. Badala yake ulikuja uasi. Njia ya milimani ikafungwa, nasi tukavuka mpaka wa nchi pale Kavimvira na magodoro kichwani. Tuliporudi, watu wa kule juu walikuwa wametawanyika msituni, na kila tuliyemuuliza habari za bibi mdogo alitazama chini.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Uzeeni alisahau majina yetu, hata jina la mume wake, ila jambo moja lilimkaa. Siku moja nikimlisha uji alinishika mkono. "Alitaka kuniambia nini, yule?"

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wanne. Ningeweza kumwambia hapakuwa na filimbi. Nikampangusa mdomo, nikamwambia sijui, na wiki ile ile tukamzika.

Palipokuwa kituo leo ni shamba la mihogo. Binti yangu aliniuliza ninatafuta nini mle, nikamweleza yote, mpaka miwa. Halafu akauliza kama kile kijito ni mbali, nami nikamwonyesha kijia, tukaanza kupanda.